Ndiyo Tatu za Solange

Kwenye matanga ya Tata Ferdinand nilikaa upande wa nyuma, karibu na masufuria, kwa sababu huko ndiko kulikuwa na kivuli na hakuna anayekuchunguza kama unalia au hulii. Mwanamke mmoja akavuta kiti chake cha plastiki karibu na changu, akanipa kikombe cha chai, akaanza kunitazama bila haya. Sura yake niliwahi kuiona mahali, lakini siku hizi kila sura naona niliwahi kuiona mahali. Nimekaa miaka mingi nikitazama harusi za watu kwenye kompyuta, kwa hiyo nusu ya Kolwezi naijua na yenyewe hainijui. "Wee njo Aline, ule alikuwaka anakata ba film kwa tata Ferdinand?" akaniuliza. Nikasema ni mimi. Akapuliza chai yake taratibu. "Ile ya tatu ulifanyaka nayo nini?" Mtu mwingine angeuliza ya tatu ipi. Mimi niliweka kikombe chini, nikajua kwamba aliyekaa pembeni yangu ni Solange, binti wa Tata Kabeya, niliyemkata na kumuunga kwenye filamu mwaka nilipokuwa na miaka ishirini na mbili.

Mwaka ule nimeuzungusha kichwani mara nyingi, na kila mara unatoka tofauti kidogo. Nitaueleza ninavyoukumbuka, na pale nisipokumbuka nitasema, maana nimechoka kuunga. Studio ya Tata Ferdinand ilikuwa chumba kimoja nyuma ya nyumba yake. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa plastiki na utepe kwa ajili ya vumbi lililotoka upande wa Kingamyambo, kwenye mabaki ya mgodi, kila upepo ulipovuma, na bado lilipita. Asubuhi nililikuta limelala juu ya kibodi, nikalipangusa kwa kitambaa cha miwani ya Tata. Kulikuwa na meza moja, kompyuta moja, feni iliyoelekezwa kwenye kompyuta na si kwangu, na rafu ya diski alizoziandika kwa mkono: HARUSI, HARUSI MPYA, HARUSI MPYA KABISA, na moja iliyoandikwa USIGUSE, ambayo kila mtu aliigusa. Yeye alishika kamera, mimi nilikata. Alikuwa mtu mwema, mwenye tumbo na aibu kidogo, na sikuwahi kumsikia akimpandishia mtu sauti. Nasema hivi mapema nisije nikaonekana nimekuja kumsema vibaya mtu aliye ndani ya sanduku.

Lakini kazi yake ilikuwa na ugonjwa. Kila aliporudi kutoka sherehe alinakili kadi ya kamera kwenye diski, umeme ukakatika katikati, ukarudi, na kwa kuwa hakujua kunakili kumeishia wapi, alianza tena tangu mwanzo mahali papya. Umeme ukikatika mara mbili, harusi iko mara tatu. Nilipofungua programu ya kukatia nilimwona bibi harusi yule yule akishuka garini mara tatu, mchungaji akikohoa mara tatu, na mjomba mlevi akianguka mara tatu, huyo angalau alinichekesha. Kiangazi kilipofika, harusi zikafuatana kila Jumamosi na diski zikajaa. Tata akaniambia, "Aline, toa bile bya mara mbili mbili. Bakisha kimoja kimoja." Ilionekana rahisi. Programu yenyewe ilikuwa na njia ya kukuonyesha vipande vinavyofanana: inatazama jina la kipande na saa kilipopigwa, kisha inaviweka pamoja. Ila kamera yetu ilikuwa imezeeka, na kila betri ilipotolewa, saa yake ilirudi mwanzo kabisa na majina yakaanza upya kwenye namba moja. Na Tata alikuwa na tabia ya kuchomoa betri ikidhoofika, kuisugua kwenye suruali yake na kuirudisha. Aliamini kwamba inaamka. Kwa hiyo vipande ambavyo havikuhusiana kabisa vilikuwa na jina moja na saa moja. Programu ilichanganyikiwa, nami nikachanganyikiwa nyuma yake, na ikabidi nitegemee macho yangu.

Upande wa maneno ya kutafutia ndiyo usiseme. Kila kipande unaweza kukibandika neno, au maneno kadhaa, ili siku ukikihitaji uandike neno hilo na kipande kije chenyewe. Tata alibandika kwa jinsi anavyowaita watu. Nikiandika "mama" walikuja wanawake wote wa mji: mama mzazi, mama mkubwa, mama mdogo, mama wa kanisa, mama jirani. Mbuzi aliandikwa "mbuzi", "buzi" na "chèvre", na kuna mbuzi mmoja alikuwa na maneno yote matatu wakati bwana harusi wake hakuwa na hata moja. Nikachukua daftari, nikaweka utaratibu wangu: kwanza jina la familia, halafu mtu, halafu anachofanya. Kabeya, baba, anauliza. Kabeya, binti, ndiyo. Daftari lile lilinipa kiburi. Nilijifunza kubandika haraka sana, mara nyingine kabla hata sijakitazama kipande mpaka mwisho, kwa sababu sherehe za kwetu nimezikalia tangu utoto na najua baada ya mbuzi kinafuata nini. Nadhani hapo ndipo nilipokosea. Kuna siku nadhani ni mahali pengine.

Saa sita mke wa Tata alituletea bukari, yaani ugali, na mchicha wa lengalenga na samaki wadogo wa kukaanga, tukala sinia ikiwa juu ya kiti, mbali na kibodi. Ukuta kati ya chumba chetu na jiko lake ulikuwa mwembamba, nikawa nakula huku nasikia yote. Siku moja, alikuwa na jirani yake, wakazungumza juu ya harusi ya binti wa Tata Kabeya waliyotoka kuhudhuria. "Ule mutoto alikuwa pa mukeka sawa mugonjwa," jirani akasema. "Kuona haya njo adabu," mke wa Tata akajibu. "Akicheka, bantu batasema alizoea banaume." Wakaendelea na bei ya makaa. Nakumbuka mfupa wa samaki uliokwama kwenye jino langu wakati huo, lakini sikumbuki kama siku ile nilikuwa nimeshavifuta vipande vya binti yule au nilikuwa bado. Kama nilikuwa bado, basi nilionywa. Kama nilikuwa nimeshavifuta, basi yalikuwa maneno ya jikoni tu. Nimejaribu kupanga siku zile kama nilivyopanga maneno kwenye daftari, zikakataa.

Msomaji wa mbali huenda hajui tunavyofanya siku ya kupokea mahari. Watu wa upande wa mwanamume wanaweka vitu vyao chini, vitenge, suti ya baba, taa, chumvi, na mbuzi amefungwa pembeni. Binti anakalishwa kwenye mkeka, tantine yake, yaani dada wa baba, nyuma yake. Kisha baba anamuuliza mbele ya watu wote: unawajua hawa? Tupokee vitu vyao? Na anamuuliza mara tatu, ili kesho mtu asiseme aliharakishwa. Akikubali mara zote tatu, watu wanapiga makofi na ndoa imesimama. Akinyamaza hata mara moja, vitu havipokelewi, na wageni wanarudi navyo. Mimi binafsi sijawahi kuona binti aliyenyamaza. Ni utaratibu, kila mtu anaujua, na kila mtu anasubiri kula.

Siku ya Solange betri ilikuwa dhaifu, na Tata akawa anaichomoa na kuisugua kila baada ya maneno machache. Kwa hiyo nilipofika kwenye vipande vya kuulizwa nilikuta vitatu, vyote vinaitwa namba moja, vyote saa ya kwanza ya siku ya kwanza, kamera imesimama pale pale, binti pale pale, baba pale pale. Na harusi ile, kama nyingine nyingi, ilikuwa imenakiliwa mara tatu, kwa hiyo nikadhani ni nakala za kipande kimoja. Tangu asubuhi nilikuwa nafuta viwili na kubakisha kimoja, viwili na kimoja, mkono ulikuwa umeshazoea. Nilisikiliza cha kwanza. Baba: "Solange, tupokee?" Yeye, kwa sauti ndogo: "Ndiyo, tata." Kuku mweupe akapita nyuma ya mkeka. Vile viwili nilivipitisha haraka bila sauti, nikavibandika "Kabeya, binti, ndiyo" pamoja na cha kwanza, kisha nikavifuta, na kwa sababu diski ilikuwa imejaa nikalimwaga na kapu la taka. Yote yalichukua muda wa kunywa maji.

Tata Ferdinand ndiye aliyegundua, alipokuja kuitazama filamu kabla ya kuitoa. "Na zile ndiyo mbili ziko wapi? Aliulizwa mara tatu. Film ya ndiyo moja familia haiwezi kupokea." Nikatafuta kwenye kila diski, hata ile ya USIGUSE, lakini kadi ya kamera ilikuwa imeshapigiwa harusi nyingine, na katika nakala zile nyingine vilikuwa vimeshaondoka, maana nilikuwa fundi wa kufuta. Sikutaka kumwambia. Nilikuwa na aibu, na nilitaka aendelee kuniona kuwa mtu wa akili. Basi nikachukua ndiyo moja iliyobaki, nikaiweka mara tatu kwenye filamu. Ya pili niliivuta karibu kidogo, ya tatu karibu zaidi, na katikati nikapachika watu wakipiga makofi. Ilikaa vizuri. Tata akaitazama, akaniangalia mimi, akacheka puani. "Sawa," akasema. Mwaka mzima nilikuwa nimepigana na vitu vilivyojirudia, na siku ile nikavitengeneza kwa mkono wangu.

Solange alikuja mvua zikiwa zimeshaanza. Alikuwa peke yake, viatu vimejaa matope, amesafiri kwa pikipiki kutoka Kasaji, kwa mume. Tata hakuwepo. Alikataa kukaa. "Nilirudiaka ku baba," akasema. "Baba anasema: njo wee ulituambia tupokee, mara tatu, bantu bote balisikia, film iko. Rudia ku bwana yako. Aline, ile ya tatu sikusema. Tantine njo alijibu. Alikuwa nyuma yangu, alinishika hapa." Akajigusa mgongoni, chini ya bega. "Baba alikuwa anaangalia bageni. Bantu balianza makofi. Kamera tu njo iliniangalia mi." Nikamuuliza kama mume anampiga. "Hapana. Si mutu mubaya. Simutaki tu. Mbili nilisema juu ya kuona haya, ya tatu nilinyamaza, na kunyamaza ni jibu. Baba akiona, atabarudishia bitu byabo. Baba eko mutu ya sheria." Nikaandika maneno yangu mazuri mbele yake: Kabeya, binti, ndiyo. Kikaja kipande kimoja. Yeye akatazama skrini, mimi nikatazama mikono yangu. Nikasema nitatafuta tena. Akasema Alhamisi atakuja na baba yake.

Jioni hiyo nilimwambia Tata kila kitu. Alisikiliza, akavua miwani, akakitafuta kitambaa chake, ambacho kilikuwa kwangu kimejaa vumbi. "Film ilishatoka," akasema hatimaye. "Tukisema tuliongeza, nani atatuitaka tena ku harusi yake? Tutakula nini, mi na wee?" Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika, ningekuwa na mtu wa kumlaumu. Na mimi, nikiwa nimekaa pale, nilianza kujiuliza kama binti yule anasema kweli. Mabibi harusi wengi wanajuta. Kipande cha tatu nilikiona, kilipita mbele ya macho yangu. Kinywa chake kilifunguka? Nilijaribu kukiona tena kichwani, nikaona kile cha kwanza, na kuku.

Alhamisi Tata Kabeya alikaa kwenye kiti changu, kofia magotini. Alikuwa mzee wa watu wa Kasai, amefanya kazi mgodini maisha yake yote, na aliongea polepole kwa heshima. "Mwanangu, tuonyeshe," akaniambia. Nikaonyesha. Ndiyo, tata. Makofi. Ndiyo, tata. Makofi. Ndiyo, tata. Mzee akamgeukia binti yake, na usoni mwake hapakuwa na ushindi, palikuwa na huzuni, nafikiri alikuwa ametumaini kukuta kitu kingine. Solange alikuwa amesogea karibu na skrini. "Tata, angalia kuku," akasema. "Kuku moja, kanapita fasi moja, muguu moja. Na pale tena." Kwenye ya pili sikuvuta karibu vya kutosha, kuku alibaki pembeni. Mzee akainama, akatazama, akakunja uso. "Bakuku banapitaka," akasema, lakini bila nguvu. Hapo Solange akanigeukia. "Aline, sema. Ni moja ao ni tatu?" Feni ilizunguka. Nilifungua kinywa, na kabla sijatoa neno Tata Ferdinand akasema nyuma yangu, kwa sauti yake ya upole, "Tata Kabeya, kamera haisemake bongo, haidanganyake mutu." Mkono wake ulikuwa kwenye mgongo wa kiti nilichokuwa nimekishika. Hakunigusa. Nikakifunga kinywa. Mzee akainuka, akashukuru, akavaa kofia, na Solange akarudi Kasaji.

Nilibaki studio mpaka kiangazi kilichofuata, kisha nikafungua yangu upande mwingine wa mji. Nina sheria zangu: sifuti kitu siku ninapokiona, simwagi kapu bila kulala kwanza, na neno "ndiyo" silibandiki mpaka nimesikiliza kwa masikio yangu. Wafanyakazi wangu wananicheka, wanasema nina diski nyingi kuliko nguo. Tata Ferdinand tuliendelea kusalimiana, nilipeleka zawadi watoto wake walipozaliwa, na siku ile ya Alhamisi hatukuitaja hata mara moja. Nilimpenda. Nilipopata habari kwamba amefariki nililia njiani mpaka watu wakageuka. Na chini ya kilio kulikuwa na kitu kingine chenye aibu, kama ahueni, kwamba sasa nimebaki mimi tu ninayejua. Sikuwa nimemhesabu Solange.

"Nilifuta," nikamwambia pale kwenye masufuria. "Ya pili na ya tatu. Nilifikiri ni kopi. Halafu nilichukua ya kwanza nikaifanya tatu. Juu ya kuku ulisema kweli." Aliitikia kwa kichwa taratibu, chai mkononi. Nilingoja anitukane. Akaniambia alikaa Kasaji miaka sita, akatoka kwa miguu yake mwenyewe bila kumwomba mtu ruhusa, na baba yake alifariki wakiwa wanaongea vizuri, ila jambo hilo hawakuliongea. "Tangu hapo minauza bitenge hapa sokoni. Film niko nayo," akasema. "Niliangaliaka mingi sana. Sasa kuna siku minaona kama nilisema kweli, mara tatu. Minasikia sauti yangu. Njo maana minakuuliza wee. Wee uliiona. Kinywa yangu ilifunguka?" Nilitamani sana kumpa jibu. Lilikuwa rahisi, neno moja, na angelala vizuri, na mimi pia. "Sijui," nikasema. "Nilipitisha mbio, bila sauti. Minatafutaka mu kichwa kila siku, sioni." Akanitazama. Sikuweza kujua kama amenisamehe au amechoka.

Kisha akamalizia chai yake. "Jumamosi tunapokea bitu bya mutoto wa kaka yangu. Mi njo tantine sasa. Mi njo nitakaa nyuma yake." Akaweka kikombe chake kando ya changu. "Uye na kamera yako. Usizime katikati ya maulizo. Na unifilme mi pia, mukono na kinywa, nisije nikamujibia. Utakuya?" Nikasema ndiyo. "Utakuya kweli?" Nikasema ndiyo. Akasogeza kiti, magoti yetu yakagusana, akauliza mara ya tatu, na mama mmoja aliyekuwa akisonga bukari karibu yetu akadakia bila kugeuka, "Aba, atakuya, Aline eko mutu ya kazi." Solange hakumtazama. Aliendelea kuangalia kinywa changu, akingoja.

"Nitakuya," nikasema.